Manivele za Mujinga

Mtu akikuwekea manivele mkononi na kukuambia, "Pima mwenyewe, nyepesi kama ganda la karanga," usikimbilie kufurahi. Mkono ni mwongo. Mkono hupima uzito tu. Haujui kama ndani mna ufa, haujui kama tundu limelika, wala haujui aliyeipanda kinga ile kabla yako aliangukia wapi.

Kinga ndivyo tunavyoiita baiskeli hapa Lubumbashi. Nimezitengeneza tangu nikiwa na nywele nyeusi kichwa kizima, na nimeacha kazi nikiwa na vidole tisa na nusu. Nusu iliyopungua ilichukuliwa na mnyororo wa kinga ya mchungaji mmoja, ambaye aliniombea kwanza, sala ndefu kabisa, ndipo akanifunga kitambaa. Mimi ni Mwislamu, baba yangu alitoka Maniema, lakini siku ile nilisema amina kwa sauti kuliko waumini wake wote.

Nawaandikia ninyi mliofungua vibanda vyenu kando ya barabara, wenye spana mpya zinazong'aa. Mnakuja kwangu mmojammoja, mnakaa kwenye kiti changu cha plastiki chenye mguu mbovu, na wote mnauliza swali lilelile: "Papa Zaina, manivele gani ni nyepesi, tena haivunjiki?" Maana zile kinga za milimani zenye matairi manene zimeujaza mji, na kila mwenye nayo anataka iwe nyepesi kama ya mashindano na ngumu kama reli. Mnataka niwape jina la kampuni. Jina sina. Nina kisa cha mwanamke mmoja, na aibu zangu mbili.

Kwa asiye fundi anayesoma hapa: manivele ni ule mkono unaoshika pedali na kuiunganisha na mhimili ulio katikati ya kinga. Ziko mbili, kulia na kushoto. Nguvu yote ya mguu hupita hapo. Kila kitu kingine kwenye kinga kinaweza kukuchelewesha. Manivele ikikukatalia, inakuangusha.

Mwanamke huyo anaitwa Mujinga. Msicheke, ninyi wa nchi nyingine. Kwa majirani zangu Waluba hilo ni jina zuri, hupewa mtoto aliyezaliwa uzi wa kitovu umemzunguka shingoni. Labda ndiyo sababu alikuja kuwa mkunga. Alifanya kazi katika kituo kidogo cha afya kule Annexe, upande ambao nyumba zinaanza kuachana, na mashamba ya mahindi yanaanza kushikana mikono. Zamu yake ilikuwa ya mashambani. Kila asubuhi alizunguka kwa kinga kuwaona wajawazito wanaoishi ng'ambo ya vijito, mahali ambapo gari halifiki na pikipiki hufika wakati wa kiangazi tu. Juu ya vijito hivyo watu wameweka magogo mawili mawili, basi, ndiyo daraja. Mujinga alifika kwenye gogo, akashuka, akaitupa kinga begani, akavuka, akapanda tena. Mara sita kwenda, mara sita kurudi.

Alikuwa mfupi, mkono wake mgumu, na mdomo wake mgumu zaidi.

"Papa Zaina, jambo," aliniambia siku ya kwanza. "Hii manivele iko nacheza."

"Inacheza namna gani, mama?"

"Kama jino ya mutoto. Kila mara ninakanyaga, inasema ka! ka!"

Niliitazama. Ilikuwa manivele ya kushoto, ya aluminiamu, aina ile ambayo tundu lake lina pembe nne na huingia kwenye mhimili wenye pembe nne. Mtu fulani alikuwa ameipanda kinga hiyo siku nyingi bolti ikiwa imelegea. Mhimili ni wa chuma, tundu ni la aluminiamu. Wakigombana, kigumu humla laini. Pembe za tundu zilikuwa zimeanza kuwa mviringo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na ni kosa ambalo nadhani fundi wa mji mwingine asingelifanya. Lazima nimtaje mwalimu wangu ili mnielewe.

Papa Mwamba, Mungu amrehemu, alinifundisha kazi. Yeye alikuwa amejifunza kuchonga vyuma katika karakana ya mgodi kule Kambove, na alipotoka huko alikuja na sikio kuliko mkono. Alitundika kipande cha chuma kwa uzi, akakigonga kwa msumari, akafumba macho. "Huyu mzima," anasema. Au, "Huyu mgonjwa, peleka kaburini." Nilipoanza kwake nilikuwa sijui hata pedali ya kushoto inafungwa kinyume cha ya kulia. Niliifunga kama ya kulia, ikakataa, nikaweka bomba refu kwenye spana, nikaning'inia na uzito wangu wote mpaka nyuzi za tundu zikasagika zikawa ungaunga. Papa Mwamba hakunipiga. Aliokota ule ungaunga kwa ncha ya kidole, akauweka kwenye kiganja changu, akasema (njo kwetu ni ndiyo): "Kula. Njo kazi yako ya leo." Akaenda kunywa chai.

Sasa, Papa Mwamba alikuwa na dawa moja aliyoiamini. Sisi hapa ni watu wa shaba. Tunaiita mukuba, na mtoto wa mji huu huijua rangi yake kabla hajajua rangi ya ng'ombe. Chuma kikilegea ndani ya chuma, Papa Mwamba alikata bati jembamba la mukuba, akalikunja, akalitia katikati, akafunga. Shaba ni laini, hujaza pengo, hukaa kimya. Ilifanya kazi miaka na miaka. Kinga za wakati ule zilikuwa za chuma tupu, na manivele zake zilishikwa kwa kipini cha chuma kinachogongwa na nyundo. Tulikuwa na msemo karakana nzima: mukuba ni daktari.

Basi nilipoliona tundu la Mujinga limelegea, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kopo la mabati ya shaba. Nilikata, nikakunja, nikatia, nikafunga bolti. Kimya. Nikaizungusha manivele kwa kidole kama mtu anayemzungusha bibi harusi.

"Imepona?" aliuliza Mujinga.

"Mukuba ni daktari," nilimjibu, nikajisikia mkubwa sana.

Kiangazi chote ilikaa. Alikuwa akipita, ananipungia, anacheka. Kisha mvua zikaja, na vijito vikajaa, na manivele ikaanza kuogeshwa kila siku. Kuna jambo ambalo Papa Mwamba hakunifundisha kwa sababu yeye hakuwahi kulihitaji: shaba na aluminiamu vikikutana mahali penye maji, aluminiamu huliwa. Polepole, gizani, ndani ya tundu, palipofunikwa na bolti na kifuniko chake kizuri. Huliwa mpaka ikawa unga mweupe. Na lile bati langu lilikuwa limeficha kuchezacheza, kwa hiyo hapakuwa na ka! ka! ya kumwonya mtu. Daktari wangu alimfunga mgonjwa mdomo.

Asubuhi moja Mujinga aliitwa haraka ng'ambo ya kijito cha tatu. Alikuwa amevuka, amepanda kinga, anaupanda ukingo akiwa amesimama juu ya pedali kwa uzito wake wote. Jicho la manivele, yaani kichwa chake chenye tundu la mhimili, lilipasuka kwenye pembe ya tundu, mkono ukatoka na mguu wake, naye akatoka na vyote viwili. Aliumia kifundo cha mkono na goti. Alimaliza njia kwa kuchechemea. Alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, na bibi yake mzaa mama alikuwa amemfunga kwa kitambaa cha mezani. Wote wazima, alhamdulillahi. Mtoto alikuwa anapiga kelele kuliko redio.

Lakini mkuu wa kituo hakuangalia mtoto. Aliangalia saa. Alimwambia Mujinga apumzike wiki moja, na Jumatatu ya wiki inayofuata saa moja asubuhi awe njiani. Akichelewa tena, zamu ya mashambani angepewa mwenzake mwenye pikipiki. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanawake wengi wa kuwaangalia na wakunga wachache. Ila sote tulijua pikipiki ile ingefika kwenye kijito cha kwanza na kurudi. Ng'ambo kulikuwa na wanawake sita ambao siku zao zilikuwa zimekaribia, na Mujinga aliwajua kwa majina, kwa umri, na kwa kile kila mmoja alichokuwa anaogopa.

Alikuja kwangu akiikokota kinga, manivele iliyovunjika ameishika kama mtu aliyebeba mfupa. Aliiweka mezani. Ndani ya ufa, bati langu la shaba lilikuwa linang'aa.

Nilisema, "Mama, nisamehe. Nilidhani..."

"Papa Zaina," alinikata. "Miye njo Mujinga ya jina. Weye njo mujinga ya kazi."

Nyuma ya pazia nilisikia mwiko ukianguka. Mke wangu, Mama Zaina, alikuwa anacheka na hakujaribu hata kujificha. Kicheko hicho bado kinaishi nyumbani kwangu, nikisahau chumvi, nikipoteza miwani, anauliza kwa upole, "Ya jina ao ya kazi?"

Nilimwambia Mujinga kwamba namjua fundi mwingine mzuri, karibu na posta, nitampeleka mwenyewe.

"Kwa fundi ingine siendi," alisema. "Makosa yake sijue. Yako, najua. Utengeneze. Siku ya Mungu nakuya kuangalia."

Siku ya Mungu ni Jumapili. Nilikuwa na siku sita.

Nilikwenda soko la Kenya. Si nchi, ni mtaa wetu. Huko vipande vya kinga huuzwa vimemwagwa juu ya turubai kama samaki. Nilirudi na jozi tatu za manivele. Hapa ndugu zangu wekeni masikio, maana hili ndilo mnalokuja kuniuliza.

Jozi ya kwanza ilikuwa ya chuma. Nzito, mbaya, ya kuaminika. Ya pili ilikuwa ya aluminiamu, nyeusi, inang'aa, nyembamba kiuno kama mwanamitindo, na muuzaji aliishika kwa vidole viwili ili nione jinsi ilivyo nyepesi. Ya tatu ilikuwa ya aluminiamu pia, rangi ya sufuria ya zamani, imekwaruzwa na viatu vya mtu. Muuzaji alinipa kama anayenipa mbwa asiyetakiwa.

Kitu cha kwanza si uzito, ni urefu. Geuza manivele, tazama mgongo wake karibu na tundu la pedali, utakuta namba imechongwa, ni milimita. Jozi ile nyeusi ilikuwa 175, ile ya sufuria 170. Mtu mfupi akipewa manivele ndefu, goti lake hupanda karibu na kidevu kila mzunguko, na goti la Mujinga lilikuwa bado limevimba. Vijana wengi hawatazami namba hiyo kamwe. Wanauliza gramu.

Kitu cha pili, uliza manivele ilizaliwaje. Kuna iliyomiminwa kama maji ya moto ndani ya kalibu, na kuna iliyofuliwa kwa kupigwa mpaka ikajikaza. Iliyomiminwa mara nyingi ina ngozi ya chembechembe kama ganda la chungwa mahali palipofichika, na kona zake ni kali. Iliyofuliwa ni laini, na mahali mkono unapokutana na jicho pamenona na kujipinda taratibu, kama shingo inavyokutana na bega. Vitu huvunjikia kwenye kona kali. Kama mkono umekonda ghafla karibu na jicho ili kuokoa uzito, basi aliyeuchora alikuwa anampendeza muuzaji, si mpandaji. Na msije mkatoboa matundu ili kuipunguza. Nilimwona mtu aliyetoboa saba. Alipata filimbi.

Tatu, tundu la pembe nne. Pembe ziwe pembe. Ingiza mhimili kwa mkono kabla ya bolti. Ukiona inacheza, rudisha sokoni. Hakuna dawa. Andikeni hilo ukutani: tundu la aluminiamu lililolika halina dawa.

Kisha nilitundika. Nilikuwa sijatundika kitu kwa uzi tangu Papa Mwamba afe. Nilitoa sahani za meno zinazobeba mnyororo na bolti zote, maana kitu kilicholegea hudanganya sikio, nikapitisha uzi kwenye tundu la pedali na kugonga kwa msumari. Ile ya sufuria iliimba ndefu, sauti nyembamba ikazunguka chumba. Ile nyeusi ya kulia iliimba. Ile nyeusi ya kushoto ilisema neno moja fupi, ikanyamaza.

Sikutaka kuamini. Ilikuwa nzuri mno. Nikakumbuka njia nyingine ya Kambove: paka mafuta ya taa, acha yapenye, futa mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyiza chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Chaki sikuwa nayo. Nilikwenda jikoni.

"Weye!" Mama Zaina alinikuta na bakuli la unga wa muhogo, wa bukari, ndio ugali wetu. "Bunga ya bukari unapakala kwa chuma? Chuma iko na njaa?"

"Subiri uone."

Alisubiri, mikono kiunoni. Manivele nyeusi ililala mezani imejaa unga kama mandazi. Kwanza hakuna kitu. Kisha karibu na jicho ukajitokeza mstari, mwembamba kama unywele, wenye rangi ya majivu, ukarefuka mbele ya macho yetu.

Mama Zaina alishusha mikono. "Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Angepanda na ile." Tangu siku hiyo hajaninyima unga, ingawa hunitaka nirudishe bakuli.

Kwa hiyo mnaona jibu lilikuwa mezani. Ile ya sufuria: fupi, iliyofuliwa, nzima, nyepesi kiasi. Na mimi, kwa miaka yangu yote ya kazi, nikaifunga ile ya chuma.

Hofu, vijana. Aliyeumwa na nyoka huogopa ung'ong'o. Nilikuwa nimemwangusha mtu kwa aluminiamu, basi aluminiamu yote ikawa nyoka machoni pangu. Chuma hakitapasuka, nilijiambia. Nusu kilo na kidogo zaidi, ni kitu gani? Ni mfuko wa chumvi.

Jumapili alikuja. Aliinyanyua kinga mara moja tu, akaishusha.

"Hii ni nini?"

"Chuma. Hii haivunjiki mpaka kiyama."

"Iko nzito."

"Mama, nusu kilo tu."

Aliniangalia kama anavyomwangalia mwanaume anayesema uchungu wa kuzaa ni kidogo tu. "Twende," alisema.

Tulikwenda mpaka kijito cha kwanza, mimi nikitembea, yeye akikokota kinga. Wanawake walikuwa wanafua pale. Mujinga akanivisha begi lake la kazi, akaniwekea kinga begani, akaonyesha magogo.

"Vuka."

Manivele za chuma huning'inia chini ya kiunzi, na ukibeba kinga begani zinakuja karibu na nyonga, zinakupiga kila hatua, zinakuvuta upande. Mfuko wa chumvi si kitu ukiwa mezani. Juu ya gogo lenye utelezi unageuka kuwa mtu anayekushika shati. Nilifika katikati. Sitaki kusingizia: tumbo langu lilichangia, na Mama Zaina anapika vizuri. Lakini ndugu zangu, nilikwenda majini na begi, na kinga, na heshima yangu.

"Mama eh, papa eko naoga na nguo!" mmoja wa wafuaji alipiga kelele.

"Mupatie sabuni!" mwingine akajibu, na kweli wakanirushia kipande.

Mujinga hakucheka. Alishuka majini, akaokota begi lake, akahakikisha limefungwa, ndipo akanipa mkono. "Mara kumi na mbili," alisema. "Kila siku. Na mvua. Sikukuomba nguvu peke yake, papa. Nilikuomba nguvu yenye naweza kubeba."

Nilikuwa nimetengeneza kinga maisha yangu yote na sikuwahi kubeba hata moja juu ya maji. Niliwajua wateja kwa sauti za kinga zao wanapofika mlangoni, sikujua wanakwenda nazo wapi.

Tulirudi. Sikubadilisha hata suruali. Nilitoa zile za chuma, nikapangusa mhimili ukawa mkavu na safi, nikazileta zile za rangi ya sufuria mbele yake. Nilimwonyesha namba mgongoni, nikamwonyesha lile bega lililonona karibu na jicho, nikazitundika kwa uzi, nikampa msumari agonge mwenyewe. Aligonga. Alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja, kama wakunga wanavyosikiliza tumbo kwa kile kipaza chao cha mbao.

"Eko na roho," alisema.

Nilifunga pedali kwa vidole kwanza, nyuzi chache, kabla ya spana. Zikigoma kwa vidole, simama, usilazimishe, unakata njia mpya. Nilivuta manivele ndani kwa bolti, si kwa nyundo. Hakuna nyundo, hakuna shaba.

"Umepanda?" aliuliza.

"Bado."

"Panda."

Ilikuwa miaka mingi tangu nipande kinga. Mbele ya nyumba yangu barabara inapanda kwenda reli, nami niliipanda nimesimama, uzito wangu wote kulia, uzito wangu wote kushoto, suruali inavuja maji, majirani wote mlangoni. Nilikuwa nasikiliza kwa miguu. Hakuna ka, hakuna kitu, ila pumzi yangu ikilalamika. Niliposhuka nilikuwa na tabasamu la kijinga, la jina na la kazi.

Jumatatu saa moja kasoro alikuwa barabarani. Nilimwambia jioni apite lazima, maana manivele mpya hukaa vizuri baada ya siku ya kwanza, na bolti lazima ikazwe tena. Fundi asiyemwambia mteja hivyo amemuuzia nusu kazi. Alipita, bolti ilikubali robo mzunguko. Jumanne ilikubali kidogo sana. Jumatano ilikataa. Hapo ndipo unajua.

Lakini Mujinga mwenyewe alikuwa bado. Aliendesha akitazama miguu yake. Wiki nzima, wiki mbili, nilimwona akipita macho chini, akiichunga ile manivele ya kushoto kama mtu anayetembea na mdeni wake. Alikaza mguu wa kulia, akaudanganya wa kushoto. Chombo kilikuwa kimepona. Imani inachelewa kuliko bolti, na haina spana. Ungemwambia nini? Mukuba ni daktari?

Wanawake wake sita walijifungua mmoja baada ya mwingine. Wa nne alikuwa na mapacha ambao hakuna aliyewatarajia, na Mujinga alikuwepo saa nzima kabla. Mkuu wa kituo akamwandika kwa zamu ya mashambani msimu wote wa mvua, na yule wa pikipiki, nasikia, alishukuru kuliko yeye.

Kisha ikaja asubuhi moja, mvua nyembamba, udongo mwekundu umelainika. Nilikuwa mlangoni na kikombe changu. Nilimwona anatoka kwenye kona, amefunga begi mgongoni, anaukabili ule mpando wa reli. Alisimama juu ya pedali, kulia, kushoto, kwa uzito wake wote. Kichwa kilikuwa juu. Macho yalikuwa mbali huko mbele, ng'ambo, kwa mtu aliyekuwa anamngoja. Nilinyanyua mkono kumpungia.

Alinipita kama ninavyopitwa na upepo. Hakuniona kabisa, wala mimi wala kibanda changu, na nilifurahi siku nzima.